Mtu Mzima Hapa, Mtoto Ng'ambo

Chukua kijana wa miaka 20 aliyesimama Malaba, upande wa Kenya. Ana kitambulisho, anaweza kupiga kura, anaweza kuoa, na akitaka kuweka dau kwenye mechi ya mpira sheria haimzuii, maana miaka 18 alishaipita. Sasa avuke daraja. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Akifika ng'ambo bado ni mtu mzima kwa mambo mengine yote, ila mbele ya dirisha la kubeti amegeuka mtoto. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inayosimamia bahati nasibu na michezo ya kubahatisha inamkataza aliye chini ya miaka 25 kucheza. Akili yake ni ile ile, mfuko ni ule ule, hata lugha ya nyumbani haijabadilika, kwa sababu Iteso wako pande zote mbili. Kilichobadilika ni serikali tu.

Huku Kocholia, kuanzia Malaba kushuka hadi Busia, tumezoea mambo ya namna hii. Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda wakalitia kwenye koloni lililokuja kuitwa Kenya, na watu wa ukoo mmoja wakajikuta raia wa nchi mbili. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa hapa mpakani, kwa wenye baiskeli waliobeba watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Mtu wa mpakani akisikia kwamba kitu fulani kinaruhusiwa huku na kimekatazwa kule, hashtuki. Anauliza tu bei.

Lakini umri wa kubeti si bei ya sukari. Hapa sheria mbili zinazotazamana zinamwambia mtu mmoja maneno mawili kuhusu yeye mwenyewe. Ya kwanza inamwambia: umekomaa, pesa ni zako, ukipoteza shauri yako. Ya pili inamwambia: kwa jambo hili bado, ngoja tukulinde. Na siku hizi kijana hana haja hata ya kuvuka. Simu ina laini mbili, moja ya Kenya na nyingine ya Uganda, na mawimbi ya mtandao hayaonyeshi pasi kwa mtu yeyote. Anachagua mwenyewe leo awe mtu mzima wa nchi gani.

Nimeanza na hilo kwa sababu Kenya imebadilisha sheria yake ya kamari, na wengi tunasherehekea jambo moja: kwamba sasa usimamizi umewekwa chini ya mamlaka moja. Agosti 2025 Rais alitia sahihi Sheria ya Udhibiti wa Kamari, ikachukua nafasi ya ile ya 1966 iliyounda Bodi ya kudhibiti na kutoa leseni za kamari. Hebu fikiria, sheria iliyoandikwa miaka mitatu baada ya uhuru, wakati kamari ilikuwa farasi, bahati nasibu na kasino za mahoteli makubwa, ndiyo iliyokuwa ikisimamia kijana anayebeti kwa simu akiwa juu ya pikipiki akingoja abiria. Kubadilisha ilikuwa lazima. Hilo sibishani nalo.

Ninachouliza ni hiki: umoja huo ni mzuri kwa nani?

Anayetetea mamlaka moja hukimbilia methali: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, na sisi tumeuona huo mrama. Katiba ya 2010 iliigawa kamari mara mbili: kamari ya kitaifa ikawa ya serikali kuu, na kamari nyingine, pamoja na burudani za umma, zikawa kazi ya kaunti. Kwenye karatasi inaeleweka. Sasa njoo sokoni, kwenye duka lenye ile mashine inayomeza sarafu za shilingi 20. Kaunti imempa mwenye duka kibali cha biashara. Leseni ya kamari ni ya Bodi ya Nairobi. Kodi ni ya mamlaka ya mapato. Kukamata ni kazi ya polisi, na chifu naye ana msako wake. Mwaka 2018 serikali ilizikusanya mashine za aina hiyo na kuziteketeza hadharani, lakini mama ambaye mtoto wake ameacha karo yote mle ndani alikuwa aende kwa nani? Kila ofisi angeyoigonga ingemwonyesha nyingine.

Wazee wa Kiteso wanapokunywa ajon, chungu huwa kimoja katikati na kila mtu ana mrija wake mrefu. Ni picha nzuri ya udugu. Pia ndivyo serikali zetu zilivyoikalia kamari: chungu kimoja, mirija mingi, na kila ofisi inavuta ya kwake. Tofauti ni kwamba kwenye ajon kuna mtu anayejua zamu ya kuongeza maji ya moto ni ya nani.

Kwa hiyo nakubali, nahodha awe mmoja. Ila methali ile haisemi akiwa mmoja chombo kitaelekea wapi. Nahodha mmoja anaweza kukifikisha bandarini, na huyo huyo anaweza kukipeleka moja kwa moja kwenye mwamba bila wa kumpinga.

Tazama yaliyotokea 2019. Julai mwaka ule Bodi ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, na kampuni ya simu ikaagizwa kufunga nambari zao za malipo. Mzozo ulikuwa wa kodi. Kesi zikaenda mahakamani, amri zikatolewa, mawaziri wakazungumza. SportPesa ikaacha kudhamini michezo, vilabu vya Gor Mahia na AFC Leopards vikabaki bila mdhamini, na Septemba kampuni ikasimamisha shughuli zake nchini. Gazeti lilijaa habari hizo kila siku. Lakini katika ugomvi ule wote walikuwapo watu wawili tu: serikali iliyosema nadai, na kampuni zilizosema tumelipa. Aliyepoteza hakuwa upande wowote wa kesi. Pesa zilizogombaniwa zilikuwa zimetoka mfukoni mwake, na hakuna aliyemwita hata awe shahidi.

Na kodi yenyewe, hebu ifuate uone ilivyotembea. Ushuru juu ya dau uliwekwa asilimia 20 mwaka 2019. Mwaka 2020 ukafutwa kabisa. 2021 ukarudi kwa asilimia 7.5, 2023 ukapanda hadi 12.5, mwishoni mwa 2024 ukafika 15. Mwaka 2025 ukashushwa hadi 5, na sasa unakatwa kwenye pesa mtu anazoweka katika akaunti yake ya kubeti. Kama ushuru ule ungekuwa dawa, daktari anayebadilisha kipimo namna hiyo tungemhama. Lakini haukuwa dawa. Ulikuwa wavu, na mvuvi alikuwa akitafuta tu ukubwa wa matundu unaomletea samaki wengi bila kuwafukuza ziwani.

Hapo ndipo swali la maadili linapoanza. Kitu kikisimamiwa na mkono mmoja, na mkono huo huo unanyooshwa kupokea, je, huo ni usimamizi au ni ubia? Angalia mamlaka hizi zimewekwa nyumba gani. Bodi ya Uganda iko chini ya Wizara ya Fedha. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania, iliyotokana na sheria ya 2003, nayo iko chini ya Wizara ya Fedha. Bodi yetu ya zamani, wakati wa ule mzozo wa 2019, ilikuwa chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Uingereza, wanaosifiwa kwa kuwa na tume moja tangu sheria yao ya 2005, waliiweka kwenye wizara ya utamaduni na michezo. Hazina inaona mapato. Usalama unaona wahalifu. Utamaduni unaona burudani. Kati ya hizo nne hakuna hata moja iliyowekwa chini ya Wizara ya Afya, inayoona mgonjwa. Mahali unapokiweka kitu panaonyesha unakiona ni nini.

Najua jibu la wengi wetu, hasa vijana. Watasema: wacheni watu na pesa zao. Hakuna aliyemshika mtu mkono. Mwanamume anayekunywa mshahara wote hamumfungii baa, mbona mnakuja na kamari? Ni hoja nzito, na mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliihangaikia katika kitabu chake kuhusu uhuru, cha mwaka 1859. Yeye alitetea kwamba mtu mzima aachwe na maisha yake maadamu hamdhuru mwingine, na kwa msingi huo mcheza kamari avumiliwe. Lakini akajiuliza: je, na yule anayefungua nyumba ya kamari? Yule ambaye faida yake inategemea wengine wapoteze? Hapo Mill, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa kusitasita, alisita. Alisema jambo hilo liko mpakani hasa, kati ya kanuni mbili, wala haionekani mara moja ni la upande gani.

Kwetu sisi tunaoishi mpakani, jibu hilo halitoshi. Mpakani pana watu, na kila anayepita lazima apite upande fulani. Lakini Mill ametupa kitu cha maana: ametenganisha anayecheza na anayechezesha. Sisi tumewachanganya. Tukisema kamari tunamwona kijana wa boda na simu yake, tunamhubiria kuhusu uvivu na tamaa. Anayechezesha tunamwona kwenye jezi.

Sasa weka hisabati kidogo. Mechi ya timu mbili zilizo sawa, tuseme haina sare. Kampuni inakulipa shilingi 1.90 kwa kila shilingi moja uliyoweka, ukipatia. Ukiweka mia moja kila upande, umetoa 200 na utarudishiwa 190. Kumi zimebaki kwa mwenye nyumba hata kabla filimbi haijapigwa. Asilimia 5, mtu atasema si nyingi. Lakini vijana hawachezi mechi moja. Wanacheza tiketi ya mechi kumi wakitafuta pesa ya kutoka kimaisha, na ile asilimia 5 inakatwa juu ya nyingine mara kumi. Mwisho wake, katika kila shilingi 100 zinazowekwa kwa tiketi za aina hiyo, ni kama 60 tu zinazorudi kwa wachezaji wote kwa wastani, na hizo 60 anapewa mmoja kati ya kama elfu moja. Bandu bandu huisha gogo. Hakuna udanganyifu hapo, na kampuni haihitaji kuiba. Inatosha iwape watu wengi nafasi ya kurudi kila siku.

Ndiyo maana ule mfano wa baa haukai sawa. Rudi kwenye chungu cha ajon. Mzee akivuta kupita kiasi, wenzake wanamwona. Wanamtania, wanamwondolea mrija, wanamsindikiza nyumbani. Udhibiti uko kwenye macho ya waliomzunguka. Anayebeti kwa simu usiku, mke amelala, hana anayemwona ila kampuni. Yenyewe inaona kila kitu: saa alizocheza, kiasi alichopoteza, alivyoongeza dau baada ya kupoteza, alivyokopa kwa simu dakika moja kabla ya kuweka. Pale ambapo palikuwa na macho ya wenzake, sasa pana macho ya mwenye faida. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba yuko huru na ajichunge, umemwambia ukweli nusu.

Hii ndiyo sababu ya kweli ya kutaka mamlaka moja, na mbona haisemwi sana sijui. Kuna mtu anayefika mahali akasema: nimechoka, nifungieni. Anajua kesho atataka tena, kwa hiyo leo, akiwa bado na akili yake, anaomba milango ifungwe. Mtu huyu anautumia uhuru wake kuliko sisi wote. Lakini mamlaka zikiwa nyingi na kampuni zikiwa makumi, atafungiwa mlango mmoja, kumi na tisa itabaki wazi. Uingereza ililazimisha kampuni zote za mtandaoni kuingia kwenye orodha moja ya kujifungia kuanzia mwisho wa Machi 2020: ukijiandikisha mara moja umefungiwa kote. Aprili mwaka huo huo walipiga marufuku kubeti kwa kadi za mkopo. Mambo mazuri. Ila hesabu miaka: tume yao moja ilikuwa ikifanya kazi kamili tangu 2007. Ilichukua miaka 13 kufikia kumzuia mtu asibeti kwa pesa asizonazo. Mamlaka ilikuwepo, moja, yenye nguvu na wataalamu. Kilichokosekana ni swali la aliyepoteza kuwa la kwanza mezani.

Na hatari nyingine ni ya leseni yenyewe. Zamani mtu alipokwenda kwenye kamari za uchochoroni alijua yuko uchochoroni. Sasa tangazo linasema kampuni hii imepewa leseni na serikali, na sikio la mwananchi linasikia: serikali imesema ni salama. Aprili 2025, Bodi iliposimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, wengi walishangaa, kwa sababu matangazo yalikuwa yamekuwa kama taarifa ya hali ya hewa. Kadiri mamlaka inavyokuwa moja na yenye heshima, ndivyo muhuri wake unavyozidi kuaminiwa. Basi ni lazima muhuri huo ujulikane unamaanisha nini: kwamba kampuni imelipa na imekaguliwa. Haujasema kwamba mchezo ni mwema.

Mimi naona mamlaka moja ina maana ikimaliza yale maneno "hiyo si kazi yangu". Kukusanya madaraka mahali pamoja ni kukusanya lawama mahali pamoja. Anayetaka la kwanza na kukwepa la pili hajajenga mamlaka, amejenga dirisha la malipo. Na kwa kuwa Katiba imezipa kaunti sehemu yake, umoja wenyewe hautakuwa wa kuifuta Busia ibaki Nairobi. Mama wa Amagoro hawezi kupanda basi usiku kucha kwenda kuuliza mashine iliyo karibu na shule iliwekwa na nani. Lazima awe na mlango huku huku, na afisa wa mlango huo awe na uwezo wa kuiondoa siku hiyo hiyo, asiseme tu atapeleka barua.

Kisha kuna mpaka. Februari 2018, marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo maafisa wa nchi zote mbili wanakaa nyumba moja ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Tunajua kabisa, basi, kwamba serikali hizi mbili zinaweza kuketi chumba kimoja. Ziliketi kwa ajili ya mzigo. Haziwezi kuketi kwa ajili ya mtu? Mtu aliyejiandikisha Nairobi kwamba afungiwe, akibadilisha laini akiwa Malaba, jina lake liwe limemtangulia. Bila hivyo, mamlaka moja ya Kenya na bodi moja ya Uganda, kwetu sisi, bado ni manahodha wawili kwenye mtumbwi mmoja.

Na yule kijana wa miaka 20? Sheria ya Kenya inamheshimu na kumwacha peke yake. Sheria ya Uganda inamwonea huruma na kumwita mtoto, na akitimiza 25 nayo inamwacha peke yake. Zote mbili zinamtazama yeye. Ningependa sheria imwache awe mtu mzima pande zote mbili za mto, kisha imgeukie anayechezesha: isiruhusu amfuate kijana kwa ujumbe usiku wa manane, isiruhusu ampokee dau la mkopo, imtake aonyeshe alifanya nini alipoona mteja anazama. Mchezaji aulizwe mambo machache. Mwenye nyumba aulizwe mengi, kila mwaka, na aulizwe na mtu ambaye mshahara wake haupandi dau likipanda.

Mamlaka mpya itaanza kwa kuhesabu leseni ilizotoa na mabilioni iliyokusanya, maana hivyo ndivyo ofisi zote huanza. Sisi wa mpakani tuna hesabu nyingine ya kuidai: ni watu wangapi waliomba kufungiwa mwaka huu, na ni wangapi walifungiwa kweli.